Chuma Kinachorudi Palepale

"Mama Bénite, huyu binti yako anainua chuma, kiisha anairudisha palepale. Sasa anaipelekaka wapi?"

Jirani yangu Jokébed aliniuliza hivyo asubuhi moja, amesimama upande wake wa ua wa matete, jembe begani. Kwetu Butembo mzigo una mahali unapokwenda. Mwanamke akipitisha kamba kwenye paji la uso na kuinama, ujue kuna maharagi yanakwenda sokoni, au kuni zinakuja jikoni. Sijapata kuona mtu akijitwisha mzigo, akautua hapohapo, akaanza tena, jasho linamtoka na uso unacheka.

"Nitamuuliza," nikasema.

"Umuulize kabisa. Na akijibu uniambie na miye, juu ile maneno inanichokesha."

Jioni nilimkuta Bénite anaosha miguu karibu na pipa la maji. Nikamuuliza kama nilivyoulizwa.

"Ninaipeleka juu, Maman."

"Juu wapi?"

"Juu ya kichwa."

"Na kiisha?"

"Kiisha inaanguka."

Akacheka, akaingia kulala. Mimi nikabaki na ndoo, nikiwaza. Nilitaka kuelewa.

Bénite ni kitinda mimba wangu. Baba yake, Ésaïe, aliondoka duniani mtoto akiwa bado katika shule ya msingi, na tangu hapo tunaishi kwa shamba la maharagi upande wa Musienene. Mtoto alikua na mifuko mgongoni. Siku moja tulikuwa kwenye depo ya Papa Siméon, mnunuzi wa maharagi. Wapakiaji walikuwa wanasukumana kwa maneno juu ya nani apandishe mfuko wa mwisho kwenye lori, Bénite akachoka kungoja, akaukumbatia mfuko bila kamba, akaurusha juu kama anarusha mto wa kitanda. Kamate alikuwa chini ya lori anachomelea. Alitoka, akavua miwani yake myeusi, akamtazama mtoto kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea.

Huyo Kamate ni fundi wa kuchomelea vyuma, lakini ujanani alikuwa anainua uzito katika mashindano huko Bunia, mpaka bega lilipomharibikia. Alikuja kwangu na kofia mkononi.

"Mama, munipatie huyu mutoto. Si kwa kuoa, nina bibi. Kwa sport."

Niliuliza kwanza kwa padri, juu ya zile kaputula fupi. Padri akasema mtoto avae kinachofunika magoti, na Jumapili apumzike. Nikakubali.

Uwanja wa nyuma wa depo, Papa Siméon ndiye aliyewapatia. Lazima niseme vizuri habari za Papa Siméon. Ndiye kiongozi wa shirika letu, yaani familia za mtaa zinazosali pamoja kila juma. Siku ya kumzika Ésaïe alishika jeneza upande wa mbele, penye uzito, na mvua ilikuwa inanyesha. Watu wakimwomba mahali, anatoa mahali. Wakimwomba neno la faraja, analo. Alimwambia Kamate, "Mufanye kazi. Mutoto akishinda Beni, avion, ile ndege ya Kinshasa, kwa mashindano ya inchi yote, nitalipa ni miye."

Vyuma vya kununua havikuwako. Kamate alichukua shafti ya lori kuukuu, akaokota magurudumu ya giaboksi na visahani vya breki, akavikata na kuvichomelea mpaka vikawa vya mviringo vyenye tundu katikati. Kila kimoja alikipeleka kwenye mizani ya depo. Mizani hiyo inaning'inia kwenye boriti: ina uso wa duara kama saa, mshale mmoja, na ndoano chini. Ndiyo inayopima maharagi yetu sote. Kamate akitundika chuma chake, mshale ukipita ishirini, anarudi kukipunguza; ukikosa kufika, anaongeza chuma kidogo kwa moto. Hakuandika namba juu ya chuma mpaka mshale ukae sawasawa. Nilimpenda kwa ile bidii. Hata Bénite alipimwa hapo, ameshika ndoano kwa mikono miwili na miguu imekunjwa kama nyani: hamsini na saba.

Tangu siku ya swali la Jokébed nilianza kwenda kuangalia. Nilikaa kwenye kigogo, nikapukuchua maharagi na kutazama. Nilijifunza mambo. Kuna namna mbili za kuinua. Ya kwanza wanaiita arraché: chuma kinatoka chini kinakwenda juu ya kichwa kwa mvuto mmoja, bila kupumzika njiani. Ya pili kinapumzika begani kwanza, ndipo kinasukumwa. Nilidhani ni kazi ya mikono, kumbe ni ya miguu. Mikono inaongoza tu. Na lile jambo lililonishangaza zaidi: hangoji chuma kifike juu. Anakivuta, halafu yeye mwenyewe anakimbilia chini yake, anachuchumaa, anakipokea kikiwa bado kinapaa. Fundi viatu alikuwa amempigia visigino vya mbao, na vikigonga ubao wa chini vinalia mara moja, paa! Visipolia pamoja, chuma kinaanguka.

"Anaipimaje wakati wa kukimbilia chini?" nilimuuliza Kamate.

"Mwili unajua, Mama. Ukikamata ndoo ya maji kila siku, mukono unajua yake kilo mbele ya kuinua."

Hilo nililielewa vizuri.

Basi siku ya Beni ikafika. Barabara ilikuwa tulivu, tukamshukuru Mungu. Beni kuna joto. Sisi wa mlimani tulifika na masweta yetu, tukayavua mlangoni kwa haya. Ukumbini kulikuwa na vyuma vya kweli, vyeusi, vya mpira pembeni, kila kimoja na namba yake imechongwa kiwandani. Bénite alivishika kama anashika nguo mpya sokoni.

Kwanza wanapima watu. Mwamuzi mkuu, mzee mmoja mrefu jina lake Abdias, alitazama mizani yake akasoma kwa sauti:

"Katungu Bénite, kilo makumi sita na tatu."

Kamate akaruka. "Hapana, Papa! Makumi tano na saba. Nilimupima miye mwenyewe juzi."

"Ulimupima na macho?"

"Na bascule, mizani ya depo!"

"Na hii ni nini? Sahani ya bugali?"

Watu wakacheka. Kamate akanigeukia, uso umemwiva. "Mama, mulimukulisha nini asubui?"

"Chai na mihogo mbili."

"Mihogo mbili ya kilo sita?"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na Bénite akajificha uso kwa taulo. Walimshusha mara tatu wakampandisha tena. Makumi sita na tatu. Basi wakamtoa katika kundi la wasichana wembamba, wakamtia pamoja na walio wazito, na huko kulikuwa Victoire wa Beni, bingwa wa mwaka uliopita, mwenye mapaja kama magogo ya mkaratusi. Victoire alimtazama Bénite toka kichwa mpaka visigino vya mbao.

"Yaya, dada yangu, hivi viatu ni vya kusali ao vya kulima?"

"Ni vya kukupita," Bénite akajibu. Lakini niliona kidole chake kinasugua mshono wa kaputula. Mtoto wangu akiogopa anafanya hivyo.

Kila mmoja ana nafasi tatu za arraché. Akikosa zote tatu, amekwisha, anarudi kwao, na Kinshasa inabaki jina tu. Kamate aliomba uzito mdogo wa kuanzia, kilo hamsini na tano, ambao nyumbani Bénite anauinua huku akiongea.

Akasimama mbele ya chuma. Akafanya ishara ya msalaba, akashika, akavuta.

Chuma kiliruka. Sijui niseme namna gani. Kilipaa kama kuku aliyetupiwa jiwe, kikapita juu ya kichwa chake, kikaanguka nyuma yake kwa kishindo, na yeye akakaa chini kwa makalio. Waamuzi watatu wakainua vibendera vyekundu.

Akarudi mara ya pili, uzito uleule. Chuma kikaruka tena, kikaanguka nyuma. Vibendera vyekundu tena. Victoire alikuwa anakunywa maji, akasahau kumeza.

Kamate alimshika mtoto mabega. "Unaumwa? Ni woga?"

"Hapana. Coach, iko nyepesi."

"Nini iko nyepesi?"

"Ile chuma. Iko sawa ndoo yenye unafikiri imejaa, kumbe ni tupu. Inanitupa. Ongezeni kilo kumi."

"Bénite! Makumi sita na tano? Hata kwetu haujaifikisha! Umekosa mbili, na unaomba kuongeza?"

"Ongeza, Coach."

Kamate akanitazama mimi, nami nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Sikuwa na elimu ya kumsaidia. Lakini nami nilishawahi kuinua ndoo tupu niliyodhani imejaa, nikaanguka chali mbele ya wageni. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaenda kwa Abdias akasema ile namba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama.

Bénite akavuta. Safari hii chuma kilipanda kwa heshima, kikafika mahali pake, naye akakimbilia chini, visigino vikalia pamoja, paa! Akabaki amechuchumaa na chuma juu ya kichwa kama mtu aliyebeba paa la nyumba. Kisha akasimama. Polepole, mgongo umenyooka, akasimama. Vibendera vyeupe vitatu.

Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kupiga tangu kuolewa.

Kwa namna ya pili ya kuinua alimpita Victoire, akashinda, kwa uzito ambao nyumbani hakuwahi hata kuuota. Victoire mwenyewe alikuja kumshika mkono. "Vile viatu, utanionyesha fundi," akasema.

Mtaa wetu wote wa Butembo ulitupokea kwa vigelegele. Lakini mimi nilikuwa na lile swali linanikuna: kwa nini chuma kiliruka? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Watu wa shirika walisema ni novena tuliyosali, nami sikuwapinga, ila nilijua kwamba Mungu akisaidia hamwangushi mtu makalio mara mbili kwanza. Jokébed naye alikuwa na lake.

"Kule Beni kuko joto. Chuma ikipata joto inakuwa nyepesi, sawa moshi."

"Nani alikuambia?"

"Akili yangu."

"Sasa mbona sufuria yako haipaaki?"

"Sufuria iko na bugali ndani," akasema, na hakucheka.

Kamate aliamini kwamba vyuma vya Beni ndivyo vyenye kasoro. Alikuwa amechukizwa, kwani vyake alivikata kwa mkono wake na kuvipima mpaka mshale ukakaa. Kwa hiyo alikuwa amemwomba Abdias kisahani kimoja cha ishirini, akilinganishe na vyake, kirudi kabla ya safari ya Kinshasa. Kikakaa kwangu pamoja na kimoja cha Kamate, chini ya picha ya Bikira Maria, vikingoja Kamate apate nafasi.

Siku moja nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikachukua chuma cha Abdias mkono mmoja, na ishirini ya Kamate mkono wa pili, kama ninavyochagua mafungu mawili ya majani ya sombe sokoni. Cha Kamate kilinivuta bega. Vyote viwili vimeandikwa ishirini. Basi kimoja kinadanganya, au kimedanganywa.

Nikakumbuka ile mihogo ya kilo sita.

Jumatatu ninakwendaga kwenye kituo cha afya kupimwa tansio, presha ya damu. Nikakitia chuma cha Abdias katika kikapu, nikakifunika kwa kitenge. Muuguzi, msichana aitwaye Shekinah, alinipima mkono, kisha nikamwomba nipande kwenye mizani yao ya watu. Nikapanda bila kikapu. Nikapanda na kikapu. Nikapanda na kikapu bila chuma.

"Mama, uko natafuta kunenepa mbio ao kukonda mbio?"

"Ninatafuta kujua tu, mwanangu."

Chuma cha Abdias kilikuwa ishirini. Ishirini kamili. Nikamshukuru, nikashuka mlima na kikapu mgongoni, na kamba ilinikata paji la uso kuliko siku zote. Chuma cha Beni ni kweli. Mizani ya Beni iliyompima mtoto ni kweli. Basi ile inayoning'inia kwenye boriti ya depo ndiyo inayopunguza. Vyuma vya Kamate vilikuwa vizito kuliko namba zake, na Bénite alikuwa akiinua zaidi ya alivyojua, miaka hii yote. Na maharagi yetu je? Ya kwangu, ya wamama wa Musienene, ya wale waliotoka Lubero kwa miguu? Yote yalipita kwenye ndoano ile.

Bénite alinikuta nimekaa bila kuwasha moto.

"Maman, disque, ile chuma ya Beni, ulipeleka wapi?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Kiatu kimoja kilikuwa mkononi mwake.

"Labda Papa Siméon hajui," nikasema. "Bascule aliikuta kwa baba yake."

"Labda."

"Avion ni yake, Bénite. Ukifungua kinywa, hakuna mwingine wa kukupeleka. Nenda kwanza Kinshasa. Ukirudi tutamwona polepole, sisi na padri."

"Na maharagi ya Alhamisi?"

"Alhamisi gani?"

"Bamama ba Musienene banaleta Alhamisi. Na ingine Alhamisi. Mupaka nirudi Kinshasa?"

Akaenda kuosha viatu vyake. Mimi nilisali rozari yote, na sikupata jibu zaidi ya usingizi.

Alhamisi depo ilijaa. Papa Siméon alikuwa ameita watu wa shirika waje kushuhudia akimpa Bénite tikiti, na wamama walikuwa kwenye foleni na mifuko yao, mimi nikiwa mmoja wao. Alivaa koti lake la Pasaka. Kreti ya sucré, yaani soda, ilikuwa juu ya meza.

"Bandugu," alisema, "mulikuwa munamucheka huyu mutoto. Munauliza anapeleka chuma wapi. Leo ninawaambia: anaipeleka Kinshasa!"

Makofi, vigelegele. Jokébed alinipiga ubavu kwa kiwiko. Papa Siméon akamtia Bénite bahasha mkononi, akamshika kichwa kwa baraka. Bénite akapiga goti kidogo, kama inavyofaa.

"Wasingya, Papa," akasema. "Mimi kushukuru, ninashukuru na moyo yote. Papa, ninaomba kintu kimoja. Nitundike hii chuma ya Beni hapa, batu baone."

"Tundika, binti yangu! Tundika baone uzito yenye inatupeleka Kinshasa!"

Alichukua kamba yangu ya kubebea, ile ya paji la uso, akaipitisha kwenye tundu la kisahani, akaitundika kwenye ndoano. Mshale ukaondoka, ukatikisika, ukatulia. Wapakiaji wanaosoma namba kila siku walikuwa wa kwanza kusogea.

"Kumi na nane," akasema mmoja.

"Lakini imeandikwa makumi mbili," akasema mama mmoja wa Musienene, akisogea. "Ona, imechongwa."

"Hii chuma ya Beni ni ya uongo," Papa Siméon akasema, bado anacheka. "Beni munabajua."

"Papa," Bénite akasema, "na miye niko wa uongo? Hapa niko makumi tano na saba. Beni, makumi sita na tatu. Ku kituo cha afya Maman alipima hii chuma, iko makumi mbili juste."

Macho ya watu yakanijia. Nilikuwa na mkono juu ya mfuko wangu. Nikasema, "Ni kweli. Nilipima."

Kamate alikuwa mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso. Nilimwona akihesabu kwa midomo: shafti, magurudumu, visahani, vyote alivyovikata kwa bidii kufuata mshale ule. Akaketi juu ya gurudumu la akiba.

Papa Siméon hakucheka tena. Sijui mpaka leo kama alijua, na tangu lini. Nilimtazama sana usoni, na nilichokiona ni mtu aliyetazama mifuko kabla ya kutazama watu. Akamsogelea Bénite, akapunguza sauti, lakini sisi wa mbele tulisikia.

"Mwanangu. Tikiti iko mu mukono yako. Avion ni Jumamosi. Shusha hii kintu, tunywe sucré, mambo ya bascule nitaitengeneza mu siri. Unasikia? Shusha."

Bénite alitazama bahasha. Kidole chake kikaanza kusugua mshono wa sketi. Nilijua jinsi alivyoitaka Kinshasa. Alikuwa ameshaandika jina la ukumbi wa huko kwa chaki ndani ya mlango wetu.

Kisha kidole kikaacha. Akaiweka bahasha juu ya meza, kati ya chupa za sucré, akainyoosha kwa kiganja ili isianguke. Papa Siméon akanyoosha mkono kushusha chuma, na mama wa Musienene akausukuma ule mkono, bila ukali, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye sufuria ya moto.

"Iache, Papa," akasema. "Tungali tunaangalia."

Bénite hakukigusa chuma. Alikiacha palepale kwenye ndoano, kinazunguka taratibu katika kamba yangu, na mshale umetulia penye kumi na nane. Akapita kati ya mifuko, akapita mbele ya Kamate, na visigino vyake vya mbao vikagonga sakafu mpaka mlangoni. Akatoka.